Mayatima wa Masasi na Amana ya Malezi

Mwaka 2026 Masasi yatimiza miaka 150 tangu Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alipowasili kutoka Unguja kwa njia ya Lindi, akifuatana na watumwa walioachwa huru zaidi ya 50, aliokusudia kuwafikisha Ziwa Nyasa, nao wakaipenda nchi ile ya majabali wakakaa. Na bila shaka yatasemwa mengi juu ya makanisa na shule, lakini machache juu ya kazi ya kumlea mtoto asiye na wa kumtetea.

Asili ya kazi hiyo ni Unguja, 1864, Sultani Majid alipomkabidhi Askofu Tozer wa misheni hiyo wavulana 5 waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi 1879.

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa pande za Masasi ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mwana, katika jando na katika ndoa. Basi mtoto aliyetekwa, asiyemjua mamaye, alikuwa hana mjomba wa kusimama kwa niaba yake barazani. Na hata makao hayo mapya hayakuwa salama, kwani 1882 Wangoni waliivamia Masasi, wakaua, wakateka, na waliokwisha kuonja uhuru wakarejeshwa mateka, hata mmisionari Chauncy Maples akawahamisha baadhi ya waliosalia hadi Newala, katika himaya ya Chifu Matola. Anderson-Morshead, ambaye tarikhi yake ya misheni ilitoka 1897, awasifu maaskofu. Mimi naona sifa zawastahili zaidi wale waliopokea watoto wa wenzao ilhali wenyewe hawana jamaa.

Katika waliolelewa hivyo ni Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mdogo, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, akarudi kufundisha Chitangali, na 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile.

Vikaja vita vya Maji Maji, vikaja uhuru, ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009, na amana ikamwangukia afisa ustawi wa jamii, apaswaye kuichunguza nyumba kabla mtoto hajapewa malezi ya kambo. Ni aibu kwetu kumtwika mtu huyu vijiji vingi bila chombo cha kumfikisha, ilhali kwa nyanya na wajomba wa Newala hapaulizwi neno la maana kwa barua.