Ile harufu ya karafuu kwa daktari wa meno

Kama umewahi kuzibwa jino, huenda unaijua. Umekaa kwenye kiti, mdomo wazi, na ghafla unasikia harufu ya karafuu, utadhani kuna mtu anapika pilau chumba cha pili. Hayo si manukato ya kukubembeleza. Ni yujenoli, ambayo ni kama asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu. Na yujenoli ni fenoli: ina pete ya kaboni sita iliyobeba kikundi cha oksijeni na haidrojeni. Kumbuka neno hilo, fenoli, maana ndilo litakalotupeleka Glasgow.

Agosti 1865, daktari mpasuaji Joseph Lister alimpokea mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyepitiwa mguuni na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Enzi hizo kidonda kama hicho kikioza, na mara nyingi kilioza, ulikatwa mguu au ulizikwa. Lister alikuwa amesoma kazi za Louis Pasteur kuhusu vijidudu, basi akafunga kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki. Baada ya wiki sita hivi mtoto alikuwa amepona, na mguu wake anao.

Asidi ya kaboliki ni jina la zamani la fenoli yenyewe, ile tupu, iliyokuwa ikitolewa kwenye lami ya makaa ya mawe. Iliua vijidudu kweli. Lakini iliunguza pia ngozi ya mgonjwa na mikono ya daktari. Ndiyo maana watu wakageukia ndugu zake wa mimeani. Timoli, fenoli ya zaatari, ilikuwa imeshatolewa na Caspar Neumann tangu 1719; Lister mwenyewe aliijaribu. Madaktari wa meno wao wakachukua mafuta ya karafuu, wakayakoroga na unga wa oksidi ya zinki yakawa saruji. Mchanganyiko huo wa karne ya 19 bado unatumika leo.

Sasa, zinauaje? Seli ya bakteria imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Yujenoli inapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo inajipenyeza kwenye utando huo na kuulegeza. Ioni za potasiamu zinaanza kuvuja, nishati inapotea, bakteria anakufa. Ni kama kutoboa ndoo, hakuna ufundi mkubwa.

Tatizo ni kwamba na wewe seli zako zina utando. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema eti dawa ya mmea haiwezi kudhuru. Watoto wadogo waliomeza mafuta ya karafuu wameumia ini vibaya. Bibi aliyekuwekea punje moja ya karafuu kwenye jino bovu alikuwa sahihi, tena sana, kwa sababu punje inatoa mafuta kidogo kidogo, na yujenoli inatuliza mishipa ya fahamu. Saruji ya daktari inafanya hivyo hivyo: zinki inaishikilia yujenoli, unyevu wa jino unaiachia taratibu. Chupa ya mafuta ni habari nyingine kabisa.

Na mafuta hayo yalitoka wapi? Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Waholanzi walijitahidi kuufungia huko, hata wakakata miti ili bei isishuke, lakini Wafaransa wakaiba miche katika karne ya 18. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja, na chini ya Seyyid Said mashamba yakaenea. Waliopanda, kupalilia na kuchuma walikuwa watumwa kutoka bara. Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Utumwa Zanzibar ulikuja kufutwa kisheria 1897. Kwa hiyo miaka ile Lister anasifiwa Ulaya kwa kuua vijidudu kwa fenoli ya makaa ya mawe, fenoli nyingine ilikuwa inachumwa huku na watu ambao hakuna kitabu cha tiba kilichoandika majina yao.

Ukifika Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Havina bei kama karafuu yenyewe, lakini ukivikeneka, yujenoli inatoka tele.