Tembe, Vinyungu na Watu Wasio na Majina

Kabla ya mwaka 1927 hapakuwa na mji uitwao Mbeya. Mlima Loleza ulikuwapo, mifugo ilikuwapo, na wakulima walikuwapo, lakini mji uliletwa na dhahabu ya Lupa. Ndiyo maana anayetafuta picha ya Mbeya mjini ya enzi ya Wajerumani atahangaika bure. Makao ya Wajerumani upande huo yalikuwa Tukuyu, waliyoiita Neu-Langenburg.

Iringa ni habari nyingine. Jina lenyewe latokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na kamera ilifika huko baruti ikiwa bado inanuka. Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyeiangusha ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga Oktoba 1894, alikuja kukaa Iringa mwaka 1896 na mkewe Magdalene. Mama huyo aliandika kumbukumbu za kila siku, zikatoka kitabu mwaka 1903. Kati ya 1897 na 1900, tabibu wa jeshi aitwaye Friedrich Fülleborn alizunguka nchi za Wahehe, Wasangu, Wakinga na Wanyakyusa. Alipoanza safari zake Mkwawa alikuwa bado anapigana porini. Mkwawa alifariki Julai 1898. Kazi ya Fülleborn kuhusu maeneo ya Nyasa na Ruvuma ilichapishwa mwaka 1906, pamoja na juzuu nzima ya picha.

Fülleborn alipiga picha na pia alipima vichwa na viwiliwili. Watu walisimamishwa wakitazama mbele, kisha wakageuzwa ubavu, ili Ulaya ipate kuona "aina" ya mtu. Chini ya picha hukuti jina la mtu, unakuta kabila. Mimi siwezi kuzitazama sura zile kama vielelezo. Yule ni baba wa mtu, na huenda wajukuu wake wanapanda daladala pale Ipogolo, Iringa, leo.

Hata hivyo, mpiga picha hawezi kuchagua kila kitu kinachoingia kwenye kioo chake, na utajiri wa picha hizi uko nyuma ya watu. Tazama tembe la Mhehe: nyumba ndefu, kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, vyumba vikizunguka ua. Tazama pia nyumba za Wanyakyusa, za mianzi iliyopangwa kwa ustadi, migomba ikiwa imezizunguka. Hapo hutaona ushenzi ambao mtawala alidai kuuondoa, bali kazi ya mafundi.

Kisha tazama vilima. Ni majani matupu, mpaka macho yanachoka. Kijana wa Mafinga hawezi kuitambua nchi yake, kwa sababu misonobari anayodhani iliumbwa pamoja na milima ni ya juzi tu. Mashamba makubwa ya miti ya Sao Hill yalipanuka baada ya uhuru, na miwati ya Njombe ilianza kupandwa kibiashara mwaka 1949. Mhehe au Mbena aliyelelewa shambani ataangalia zaidi mabondeni, kwenye unyevu, kutafuta vinyungu. Bustani hizo za kiangazi mgeni huziona kama majani tu.

Wamisionari wa Moraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, kisha wakajenga Utengule na Mbozi, walikaa miaka mingi na kujifunza lugha za wenyeji. Picha zao zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na nyingi sasa zinaonekana kwenye intaneti. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt nayo ina takriban picha 55,000 za jumuiya ya wakoloni wa Kijerumani, za makoloni yote.

Enzi ya Waingereza ilileta walowezi. Mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwakutanisha wenzake Tukuyu, akiota ukanda wa mashamba ya Wazungu kuanzia Kenya hadi kusini. Ndoto haikutimia, lakini tumbaku ya Iringa na chai ya Mufindi zilistawi kwa jasho la vibarua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakaja wakimbizi wa Kipolandi, wakawekwa Ifunda na Kidugala. Leo vilima vya Iringa vimo katika albamu za familia zinazoishi mbali sana na hapa, na kwetu albamu zinaliwa na mchwa ndani ya masanduku ya bati.

Boma la Iringa limekuwa makumbusho ya mkoa tangu 2016. Ningependa picha hizi zichapishwe kwa ukubwa, zitolewe kwenye kuta zile, zipelekwe Kalenga, Utengule na Rungwe, wazee waketi nazo barazani. Mzee wa Kalenga akishapokea salamu yako ya "kamwene", hukuuliza wewe ni wa kwa nani. Aiulize na picha. Waliokuwa watoto dhahabu ya Lupa ilipokuwa inavuta watu, miaka ya 1930, sasa wamefikia tisini na zaidi.