Huduma za Kinywa na Meno: Mambo ya Kuzingatia kwa Wananchi wa Lulindi

Mwananchi wa Lulindi, wilayani Masasi, anayehitaji huduma ya kinywa na meno anashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Inapobidi, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara.

Nyaya za kupanga meno husogeza meno taratibu, kwa kawaida kwa mwaka 1 hadi 2 au zaidi. Daktari huzirekebisha kila baada ya wiki kadhaa. Hivyo mzazi akadirie mapema nauli za safari zote, si gharama ya kufunga nyaya pekee. Matibabu yakikatizwa, meno huweza kurudi yalipokuwa.

Kung'arisha meno hakutibu jino lililotoboka, wala hakubadilishi rangi ya jino bandia. Jino bovu litibiwe kwanza. Kusugua meno kwa limau, mkaa au mchanga humomonyoa tabaka gumu la nje, ambalo halioti tena.

Kabla ya huduma yoyote kati ya hizo, mwananchi ahakikishe kuwa daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.