Farasi ndani ya tangi, punda chini ya nira

Leo naweka pembeni mambo ya boom na asaimenti, tuongee farasi. Ndiyo, farasi. Nyie wa Bariadi, Maswa na Meatu msikimbie, maana safari yenyewe inaishia kwenu.

Kuna tiba ya oksijeni ya presha. Farasi wa mbio akiumia mguu au akiwa na jeraha lisilotaka kupona, huko Marekani anaweza kuingizwa kwenye tangi la chuma linalomtosha akiwa amesimama. Mlango unafungwa, presha inapandishwa hadi mara mbili au tatu ya hii tuliyozoea, anavuta oksijeni kwa saa moja hivi. Mantiki yake si ngumu. Chembe nyekundu za damu zimeshajaa oksijeni karibu zote hata ukiwa umekaa zako chini ya mwembe. Ukiongeza presha, oksijeni ya ziada inayeyuka kwenye majimaji ya damu, kama gesi inavyoyeyushwa kwenye soda, na inaweza kufika penye jeraha hata pale uvimbe umebana mishipa.

Wazo ni la zamani. Mfaransa Paul Bert alichapisha mwaka 1878 kitabu kikubwa kuhusu presha ya hewa, akaonyesha kuwa oksijeni ikizidi presha inakuwa sumu na inaleta degedege. Lakini aliyeshtua watu ni daktari wa upasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema. Mwaka 1960 alichapisha majaribio ya nguruwe waliotolewa karibu chembe zao zote nyekundu, wakawekwa kwenye presha mara tatu, na wakaishi! Mwaka uliofuata mwenzake Brummelkamp akaeleza walivyowatibu watu wenye donda la gesi, lile linaloletwa na bakteria wasiopenda oksijeni. Farasi wakaja baadaye, pesa za mbio zilipoufuata utaalamu.

Sasa sikilizeni hili. Tarehe 10 Februari 2012, Ocala, Florida, farasi alikuwa ndani ya tangi la oksijeni akiwa na viatu vyake vya chuma. Akaanza kurusha mateke, akabandua kinga ya ukuta, chuma kikagonga chuma, cheche. Tangi likalipuka. Mfanyakazi mmoja akafa na farasi naye akafa. Oksijeni haiwaki yenyewe, ila chochote kinachoweza kuwaka kinawaka ndani yake kwa kasi ya ajabu. Na faida yenyewe kwa farasi bado inabishaniwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 kuhusu ngozi iliyopandikizwa kwenye vidonda vya farasi haukukuta faida ya tangi.

Mtauliza, sisi Simiyu na farasi wapi na wapi? Ndiyo hoja. Farasi walishaletwa nchi hii kwa wingi. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilikuja na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini kuwafukuza Wajerumani. Van Deventer alipofika Kondoa Irangi Aprili mwaka huo, mamia ya farasi walikuwa wameshakufa njiani, na waliofuata walikufa kwa maelfu. Wengi hawakuuawa na risasi. Mbung'o waliwapa nagana, na visubi wakawaletea ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ukimpata farasi mgeni ni nadra apone. Hapo tangi la nini?

Mbung'o huyo huyo ndiye aliyemleta Charles Swynnerton Shinyanga miaka ya 1920, akitafuta jinsi ya kumfukuza kwa kufyeka na kuchoma vichaka, kazi iliyofanywa kwa mikono ya Wasukuma wenyewe na machifu wao. (Sehemu kubwa ya Simiyu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi ilipokatwa mwaka 2012, kwa hiyo msiniambie hiyo ni historia ya jirani.) Pori likarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanda, na majembe ya kukokotwa na maksai yakaenea. Farasi hakurudi. Aliyebaki kwenye ukoo wao ni punda, ambaye ugonjwa ule wa visubi mara nyingi haumwangushi, na nagana anaivumilia kuliko farasi.

Na hapa ndipo pananiuma. Nira tuliyonayo ni ya maksai. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inakaa mbele ya nundu na anasukuma. Punda hana nundu, bana. Yeye nguvu zake ziko kifuani, anataka mkanda mpana unaopita kifuani. Ukimvisha nira ya ng'ombe, mti unamsugua mabegani mpaka ngozi inatoka, kesho anavishwa tena palepale juu ya kidonda, amebeba madumu ya maji au magunia. Kidonda cha aina hiyo hata umweke kwenye tangi la Florida mwezi mzima, akitoka ukamrudishia nira ile ile umefanya kazi bure.

Halafu kuna pepopunda. Jina lenyewe lina punda ndani yake, na kweli farasi na punda ni kati ya wanyama wanaodhurika nayo zaidi. Bakteria wake wako udongoni na kwenye samadi, nao ni wa kundi lile lile lisilopenda oksijeni, wanajificha kwenye kidonda kirefu. Ajabu ni kwamba dawa ya kwanza ya maana, ile seramu ya miaka ya 1890, ilikuja kutengenezwa kwa wingi kwenye damu ya farasi. Miaka ya 1920 Wafaransa wakapata chanjo. Sindano, si tangi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Mkanda wa kifuani unashonwa kwa turubai au gunia lililokunjwa mara kadhaa, fundi wa pale sokoni anaweza. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa na chumvi kidogo, punda anapumzishwa mpaka ngozi ifunge. Mwenye mzee wake kule Itilima mwenye mkokoteni, likizo hii amwangalie punda mabegani kabla hajapanda.