Nane-Sita: Gari Dogo Lililofundisha Watu Kuteleza

Vijana wanaopanga foleni kwenye kibanda cha gemu hapa kambini huchagua gari lenye nguvu kuliko yote. Dakika moja tu, wako ukutani. Gari dogo jeupe na jeusi wanaliruka, eti la kizamani: Toyota Sprinter Trueno, AE86. Mimi naomba nilitetee, kwa sababu limenieleza jambo ambalo kwetu tulilikosa, tukalilipia.

Toyota ililitengeneza kuanzia 1983 hadi 1987. Wakati ule Corolla nyingine zilikuwa zinahamia kwenye mfumo wa magurudumu ya mbele kuvuta gari. Hili lilibaki na mfumo wa zamani: injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Injini yake lita 1.6 tu, uzito karibu tani moja. Wajapani waliliita hachi-roku, maana yake nane-sita, na vijana wasio na hela nyingi waliweza kulipata la mitumba.

Lakini kuteleza kwenyewe kulianza kabla yake. Kunimitsu Takahashi, ambaye 1961 alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za Grand Prix za pikipiki, baadaye alihamia kwenye magari. Miaka ya 1970 watazamaji walimshangaa anaingia kona gari likiwa limelala ubavu, moshi wa tairi nyuma. Kijana mmoja kutoka Nagano, Keiichi Tsuchiya, alimwangalia, kisha akaenda kujifunza usiku kwenye barabara za milimani. 1987 ilitoka video yake akiteleza na AE86 mlimani. Serikali haikucheka: leseni yake ilisimamishwa. Lakini hadithi haikuishia hapo. 1995, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, Tsuchiya na Takahashi waliendesha gari moja, pamoja na Akira Iida, wakashinda katika daraja lao la GT2. Mwalimu na mwanafunzi, usukani mmoja.

Mwaka huohuo Shuichi Shigeno alianza kuchora katuni ya Initial D, ya kijana anayepeleka tofu usiku kwa AE86. Na mwisho wa 1997 Kazunori Yamauchi na wenzake wakatoa Gran Turismo ya PlayStation, gemu lililotaka kila gari liwe na tabia yake. Nane-sita ilikuwamo. Basi, aliyekuwa hana gari wala leseni akapata mahali pa kujifunza.

Sasa jaribu. Unakaribia kona, unagusa breki. Uzito wa gari unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi. Unakata usukani, mkia unatoka nje. Hapo mgeni anashtuka, anakanyaga breki zaidi, na gari linazunguka kama pia. Fundi anafanya kinyume: anaachia breki, anageuza usukani kuelekea upande ule mkia unakokwenda, anakanyaga mafuta kidogo kidogo. Ukizidisha mafuta, linazunguka. Ukiyaachia ghafla, tairi zinashika kwa nguvu na gari linakurusha upande wa pili. Kwa kuwa nane-sita haina nguvu nyingi, kosa linakuja polepole, unaliona, unalirekebisha. Ndiyo maana ni mwalimu mzuri kuliko yale magari makubwa.

Kwetu, upande wa Fizi, kaka yangu alikuwa dereva wa pikapu, nayo ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Siku moja ya mvua, kwenye mteremko, mkia ulitoka. Alikanyaga breki mpaka mwisho, akabana usukani palepale. Gari lilianguka bondeni. Yeye alipona. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia hakupona. Watu walisema mengi: amerogwa, alikuwa amekunywa. Hakuwa amekunywa. Tangu siku hiyo hakushika usukani tena.

Mwaka jana nilimvuta mpaka kibandani nikamwonyesha kona ileile, mara kumi. Alinyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, ilikuwa hivihivi." Akaomba ajaribu. Alianguka mara nyingi. Jioni alilishika gari likiwa limelala ubavu, akalitoa salama.

Kwenye skrini mgongo wako hausikii gari linapoanza kuteleza, na matope hayana kitufe cha kurudia. Kwa hiyo mtu asitoke kibandani akaenda kujaribu na pikipiki ya abiria. Wala wahudumu wanaosema gemu linapoteza muda hawajakosea kabisa, watoto wanatakiwa shuleni. Lakini wakipita pale wamwone mwanamume mzima anarudia kona moja, wasimcheke. Mama yule kaka anamkumbuka kwa jina mpaka leo, ila siku hizi akimtaja, anaweza pia kueleza gari lilifanya nini.