Mtemi: Neno, Cheo na Jina

Katika Bariadi, mwana wa mkulima huweza kuitwa Mtemi, ingawa kwao hapakuwa kamwe na ngoma ya utawala. Neno hili latokana na kutema, yaani kukata. Wasukuma hulieleza kwa njia mbili: mtemi ndiye aliyekata miti na kufungua nchi, tena ndiye akataye mashauri ya watu. Ntuzu, Itilima na Kanadi zilikuwa na watemi wao, hata utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Cheo kikaondoka, jina likabaki. Mitaani sasa mtemi ni mbabe aogopwaye. Kazi na haki zimesahauliwa, imebaki nguvu tupu. Yatupasa kumweleza mwanafunzi aitwaye Mtemi kwamba jina lake lilikuwa wajibu kabla ya kuwa sifa.