Sinema Iliyochukua Kicheko, Ikaacha Kilio

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor huko Hawaii. Tangu hapo wakazi wa pwani ya magharibi ya Marekani wakawa wanaona nyoka katika kila unyasi.

Jioni ya tarehe 23 Februari 1942, nyambizi ya Japani ilirusha makombora machache kwenye visima vya mafuta vya Ellwood, karibu na Santa Barbara. Hasara ilikuwa ndogo. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 25, ving'ora vililia jijini Los Angeles, taa zikazimwa, na mizinga ya kutungulia ndege ikafyatua makombora zaidi ya 1,400. Kulipopambazuka, hayakuonekana mabaki ya hata ndege moja ya adui. Vita vilipokwisha, Japani ilisema haikutuma ndege usiku ule.

Kisa kama hiki ni mali kwa mchekeshaji. Steven Spielberg, aliyekwisha kujipatia jina kwa sinema yake ya papa mla watu, Jaws, ya mwaka 1975, alikitengenezea sinema iitwayo 1941, iliyotoka Desemba 1979. Zilitumika dola zaidi ya milioni 30, fedha nyingi mno kwa siku zile. John Belushi yumo, Dan Aykroyd yumo, Toshiro Mifune wa Japani yumo. Kifaru kinabomoa, gurudumu la kubembea linang'oka na kubingiria hadi baharini, nyumba nzima inaporomoka gengeni. Ni kishindo juu ya kishindo, na mtazamaji anachoka kabla hajacheka. Mapato yalizidi gharama, lakini wahakiki wengi waliiponda.

Wengi husema viungo vilizidi mchuzi. Ni kweli, lakini liko kosa kubwa zaidi. Hadithi imewekwa tarehe 13 Desemba 1941, na vituko vya Februari vikavutwa nyuma viingie humo. Mtunzi anayo ruhusa hiyo. Lakini Februari hiyo hiyo, tarehe 19, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, theluthi mbili yao raia wa Marekani, walitolewa majumbani na kufungiwa makambini bila kushtakiwa. Wengi walipoteza maduka na mashamba yao. Serikali iliwaomba radhi mwaka 1988, ikaahidi dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai.

Watu hao hawamo katika sinema. Kicheko cha Februari kilichukuliwa, kilio kikaachwa.

Kuicheka hofu si dhambi. Charlie Chaplin alimcheka Hitler mwaka 1940 katika The Great Dictator, lakini Wayahudi walioonewa aliwaweka mbele ya macho yetu, ndiyo maana kicheko kile kinachoma hadi leo.

Hofu ya umma ina gharama, na aghalabu hulipwa na asiyehusika. Basi, ndugu msikilizaji, ukialikwa kuicheka hofu ya watu, uliza kwanza ni nani aliyeilipia.